Komeo la Robo

Ndugu yangu Lali hutunga mashairi ya mizani,
huhesabu silabi kwa vidole, kumi na sita kila mshororo,
na hunicheka kwamba mimi sijui kupima neno.
Sawa. Mimi nina mizani ya kweli,
sahani mbili za shaba, minyororo sita,
imening'inia juu ya gunia la mchele
katika duka la Langoni ambalo punda
akisimama mlangoni, wateja hungoja.

Jiwe la kilo lipo. La nusu lipo, limemeguka ukingo.
La robo lilitumbukia mtaroni mwaka wa mvua nyingi,
mimi nikiwa darasa la tatu, na baba hakununua jingine.
Alichukua komeo la mlango wa nyumba ya mamake,
nyumba iliyobomoka upande wa Mkomani,
akalitia kiganjani, akafumba macho,
akasema, "Hili."
Tangu siku hiyo robo ya sukari, robo ya dengu,
robo ya tende za kufuturia,
zikapimwa kwa chuma kilichomlinda bibi yangu
usiku, asiingie mtu.

Mwezi uliopita akaja Bwana Nyambu wa vipimo,
shati jeupe, sanduku la mbao,
mawe yake yamelazwa kwenye mahameli kama vidani.
Komeo sahani hii, jiwe lake sahani ile.
Mshale ukayumba, ukakataa kusimama wima.
"Mama, gramu tisa."
Jasho likanitoka. "Nimewapunja watu?"
"Umejipunja."

Nikanunua jiwe halali, lenye muhuri.
Usiku ule stima zikakatika;
nikawasha kandili, nikaweka jiwe huku, komeo kule,
nikadondoa mchele upande wa jiwe mpaka zikalingana.
Kisha nikauhesabu, punje moja moja, kama mwenda wazimu:
mia nne na kumi na moja.

Lali akapiga hesabu kwa simu. Miaka thelathini na moja.
Magunia arubaini, akasema, tumeyagawa bila kujua.
Bati la jikoni lile. Hija ya mama ile,
mama aliyekufa akiitaja Maka kama jina la dada yake.
"Baba alikosea," akasema Lali. "Basi."

Nami nilikuwa karibu kukubali.
Ila nikamkumbuka Bi Mwanajaa, mjane wa watoto sita.
Akiomba nusu, baba aliliacha jiwe la nusu rafuni
akampimia robo, halafu robo tena.
Nikamuuliza mara moja, mbona ajisumbue.
"Nauzoesha mkono," akanijibu, hakunitazama.

Sijui nimsamehe au nimshukuru.
Magunia hayo yalikuwa ya mama pia,
na mama hakuulizwa.

Sasa napima kwa jiwe la serikali.
Likishatulia, mkono wangu hurudi guniani
ukaongeza kidogo, kwa kukisia.
Siku nyingine hauongezi. Siku nyingine kodi imefika,
au mtu amenibishia kwa shilingi mbili,
na sahani hubaki sawasawa, kavu kama karatasi ya mahakama.
Lakini nimechagua, angalau, mimi mwenyewe,
macho wazi, si kwa ujanja wa chuma.

Komeo nalo liko juu ya daftari la madeni,
linazuia kurasa upepo wa kaskazi ukiingia.
Watoto hulichezea. Nani atakuja kulipa
hulisogeza kwanza, na huhisi uzito wake.

Jana Lali amekuja na mshororo kuhusu komeo.
Akausoma mara tatu, akahesabu kwa vidole,
akasonya: kumi na saba.
Anatafuta silabi ya kukata.
Nikamwambia, iache izidi.